Siku za Moshi Geedweyn

Jumanne, 13 Januari. Garissa.

Nimetuma aya nne Nairobi kuhusu ripoti ya mwaka ya Wakala anayeendesha vituo vya umeme katika miji ambayo gridi haijafika. Kituo cha dizeli cha Geedweyn: saa ishirini na mbili kwa siku. Sikuongeza neno wala kupunguza. Kazi ya dakika ishirini, pamoja na chai.

Jumatatu, 19 Januari.

Joto. Vumbi tangu asubuhi. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 23 Januari.

Mwanamke alinipigia simu baada ya swala ya Ijumaa, akaniuliza kama mimi ndiye Hamdi wa gazeti. Nikasema ndimi. Akauliza nimelala Geedweyn siku ngapi mwaka huu. Nikasema sijafika. Akasema basi nimehesabu vizuri kwa mtu ambaye hajafika.

Anaitwa Fowsiya, mwenyekiti wa wanawake wauza maziwa wa Geedweyn, arobaini na mmoja kwa jumla. Miaka miwili iliyopita mradi mmoja wa maziwa uliwapa mtambo wa kupoza lita elfu moja. Wao huuita friji. Tangu Novemba maziwa ya ngamia yamekuwa yakichacha njiani kuja Garissa. Mradi umewaandikia barua: stima iko saa ishirini na mbili kwa siku, friji ni nzima, kwa hiyo kosa ni uchafu wa mikono na mitungi yao. Kamati ya serikali itasikiliza suala hilo mwezi wa tatu. Ikikubaliana na barua, friji itapakiwa kwenye lori na kupelekwa mji mwingine.

Nikamwuliza mradi umeitoa wapi hesabu ya saa ishirini na mbili. Akasema imebandikwa nyuma ya barua, imekatwa kwenye gazeti, na juu yake kuna jina langu.

Jumanne, 27 Januari. Geedweyn.

Kilomita mia moja na arobaini, barabara ya vumbi karibu yote. Tulifika saa nne asubuhi. Mji una barabara moja, msikiti, shule, maduka kama thelathini, na mwishoni kituo cha umeme chenye injini mbili nyuma ya ua wa waya. Injini zilikuwa kimya.

Fowsiya ana kama miaka hamsini, mwembamba, saa ya mkononi ameivaa juu ya mkono wa nguo. Alinionyesha kazi yenyewe kabla ya kulalamika, jambo lililonifanya nimsikilize. Maziwa hutoka malishoni kwa bodaboda na kufika saa mbili asubuhi. Ngamia wako mbali sasa, hakuna majani karibu. Kila mwanamke mtungi wake wa plastiki ameufunga kitambaa cha rangi yake shingoni. Maziwa hulala kwenye friji, na saa kumi na moja alfajiri pickup huyachukua kwenda Garissa. Friji ikipata joto mchana, Garissa hupokea maziwa yaliyochacha. Leo kipimo cha friji kilionyesha nyuzi ishirini na sita.

Kila nyumba ina mita ya tokeni. Kwenye risiti, fungu la gharama ya mafuta limechapishwa peke yake, nalo ni kubwa kuliko fungu la umeme wenyewe. Fowsiya alinipa moja niisome. Akasema yeye hulipia dizeli kama mwenye lori, ila lori halioni.

Uani kwake nilisikia harufu ya moshi. Si moshi wa kupikia. Nikamwuliza nani anafukiza vyombo. Akasema ni jirani. Chini ya gunia, karibu na mlango, niliona fungu la vijiti vya mti wa mareer, vimekatwa kwa urefu wa kiganja. Nimekulia katika nyumba ambayo chombo cha maziwa kilifukizwa kila siku, maziwa yapate kustahimili safari. Urefu ule naujua. Sikuuliza tena. Nimeandika tu.

Kituoni, mwendeshaji ni kijana wa miaka thelathini na kitu, jina lake Dekow. Alinikaribisha chai. Alisema hawezi kunionyesha daftari la injini bila ruhusa ya Mhandisi Aweys, mkuu wake aliye Garissa. Nikamwuliza kama injini zimeharibika. Akasema zote ni nzima, anazitunza kama mifugo yake.

"Mbona kimya?"

"Eddo, mimi ni wa injini," akasema, akiniita shangazi kwa Kisomali. "Tanki si langu."

Baada ya hapo akazungumzia ukame.

Jumatano, 28 Januari.

Kwa mujibu wa Fowsiya, stima ya Geedweyn imerudi leo saa tano asubuhi. Kwa mujibu wa Wakala, haikuwa imeondoka.

Jumatano, 4 Februari. Garissa.

Saa nzima na Mhandisi Aweys, ofisini kwake. Mtu mstaarabu, kiyoyozi chake kinafanya kazi. Alinifungulia muhtasari wa mwaka. Injini za Geedweyn zilikuwa tayari kwa asilimia tisini na mbili ya muda. Asilimia hiyo ya saa ishirini na nne ni saa ishirini na mbili.

Nikamwuliza: tayari, au zikiwaka? Akasema tayari. Ndicho kipimo kilichomo kwenye mkataba wao. Injini nzima isiyo na mafuta ni injini iliyo tayari. Alilisema hilo bila aibu, kama mtu anayeeleza kwamba mtoto aliyeandikishwa shuleni ni mwanafunzi hata kama leo hakwenda.

Na mafuta? Mafuta ni idara nyingine. Iko wapi? Haina mtu hapa Garissa.

Katika aya zangu nne za Januari niliandika kwamba Geedweyn "hupata umeme" saa ishirini na mbili. Nimerudi kuisoma ripoti. Imeandika "upatikanaji wa mitambo". Neno "hupata" ni langu. Juzi nilikuwa tayari kuapa kwamba sikuongeza kitu.

Jumatatu, 9 Februari.

Nimeandika habari: saa ishirini na mbili si saa za umeme. Mhariri wangu wa Nairobi akauliza, kama si ishirini na mbili, ni ngapi? Sina jibu. Nina neno la Fowsiya dhidi ya karatasi ya Wakala. Ameiweka habari kando. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Jumatano, 18 Februari.

Ramadhani ya kwanza. Kufikia alasiri maziwa ya ngamia yalikuwa yameisha soko zima. Tulifuturu kwa maziwa ya pakiti, na kila mtu nyumbani akatoa maoni.

Jumanne, 24 Februari.

Nimenunua maziwa sokoni kwa Idman kwa miaka tisa. Yeye hupokea mitungi kutoka miji mitano, huinusa mmoja mmoja, hugawa. Leo, kama kila siku, aliniuliza: ya moshi au ya friji? Kama kila siku nikasema ya moshi. Akainua mtungi wenye kitambaa cha kijani, na kitambaa hicho nilikuwa nimekiona.

Nikauliza yametoka wapi. Geedweyn, akasema. Nikasema Geedweyn wana friji, wanafukiza tangu lini? Akasema siku zingine ndiyo, siku zingine hapana, yeye hawaulizi. Mnunuzi wake wa Nairobi anatengeneza maziwa ya mtindi na moshi hautaki hata kidogo, kwa hiyo lazima atenge. Huandika asije akasahau.

Anaandika kwenye daftari la shule. Duara ni moshi. Msalaba ni maziwa yaliyochacha, yamerudishwa. Siku isiyo na alama ni maziwa ya friji, safi. Nilikaa juu ya kreti nikanakili siku zote za Geedweyn, kuanzia tarehe mosi Novemba hadi jana. Idman alilalamika kwamba nawazibia wateja njia.

Siku mia moja na kumi na tano. Misalaba tisa, maduara arobaini na saba. Lakini si idadi iliyonifanya ninyanyue kichwa, ni mpangilio. Kila mara huanza msalaba. Baada ya msalaba hufuata maduara, matatu, matano, mara moja tisa. Kisha siku tupu. Kisha msalaba tena. Hakuna duara lililotangulia msalaba wake hata mara moja.

Uchafu hauna mpangilio huo. Stima ndiyo inao. Siku ya kwanza inazimika bila taarifa, maziwa yako kwenye friji bila moshi, yanachacha. Kesho yake wanawake wanafukiza, maziwa yanafika salama. Stima ikirudi wanaacha. Idman hakuandika kumsaidia mtu wala kumwumiza. Aliandika kwa ajili ya mtindi.

Jumatano, 25 Februari.

Nilimsomea Fowsiya tarehe kwa simu.

"Kwa hiyo umejua," akasema.

Kanuni ya tatu ya mradi, iliyobandikwa ukutani juu ya friji: ni marufuku kufukiza. Masizi yanahesabiwa uchafu. Atakayefukiza anaondolewa kwenye kikundi. Daftari la Idman linathibitisha kwamba stima haikuwepo, na kwa mistari hiyo hiyo linathibitisha kwamba wanawake arobaini na mmoja wamevunja kanuni msimu mzima. Mradi hautahitaji tena hoja ya uchafu. Utasema: mmekiri wenyewe.

Aliniomba ningoje. Nikamwambia mimi sifichi jambo la kweli kwa sababu ya huruma, ila nataka neno lake liwe kando ya daftari, na kamati inakaa tarehe kumi na mbili Machi. Akasema atawauliza wenzake.

Mwezi uliopita niliandika humu kwamba alimsingizia jirani moshi ule. Nilidhani ana jambo anaficha na nikampunguzia imani. Alikuwa nalo kweli. Sikuwa nimejiuliza kusema kungemgharimu nini.

Jumamosi, 28 Februari.

Dekow amekuja Garissa kumleta mama yake hospitalini. Alifika nyumbani kwangu Waberi baada ya alasiri, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alitoa fomu tupu, ile anayojaza kila saa. Ina safu mbili baada ya saa: TAYARI, na MBOVU. Basi.

Miezi ya kwanza, dizeli ilipoisha, aliandika chini ya ukurasa: hakuna mafuta. Kurasa zilirudishwa kwake na maelekezo kwamba fomu isichafuliwe. Injini haikuwa mbovu, kwa hiyo akatia alama kwenye TAYARI. Amefanya hivyo kwa miaka mitatu, saa baada ya saa, mbele ya injini baridi. Alisema hajawahi kuandika uongo. Nikafikiria kidogo, nikaona ni kweli.

Naye ameitwa na kamati. Nikamwuliza kama naweza kumtaja gazetini. Akakataa. Alipofika langoni akageuka.

"Ikibidi, eddo."

Alhamisi, 5 Machi.

Fowsiya hajapiga.

Jumapili, 8 Machi.

Amepiga. Wanawake ishirini na tisa wanataka aseme, kumi na wawili wanataka anyamaze, na hao kumi na wawili wana watoto shuleni. Atasimama aseme kwamba yeye ndiye aliyefukiza, yeye peke yake. Nikamwuliza kama hiyo ni kweli. Mitungi arobaini na mmoja, mikono miwili?

"Walaal, ndugu yangu, andika nitakachosema siku hiyo," akasema. "Leo sijasema kitu."

Alhamisi, 12 Machi.

Ukumbi ulijaa kufikia saa tatu. Wajumbe watano mezani. Mwenyekiti ametoka Nairobi, kwa hiyo mambo yote yakaenda kwa Kiswahili. Stima ya Geedweyn ilikuwa imezimika tangu Jumanne. Dekow alithibitisha hilo mlangoni kwa kuitikia kwa kichwa.

Ofisa wa mradi alianza. Alisema vizuri, kwa mpangilio. Alipofika kiambatisho cha nne akasoma aya yangu. Mwenyekiti akauliza kama mwandishi yupo. Nikainua mkono. Akauliza kama nasimamia nilichoandika. Nikasema ripoti inataja mitambo kuwa tayari, neno "hupata" niliweka mimi, na nilipoandika sikuwa nimefika Geedweyn. Akaandika kitu. Nikakaa.

Kisha Fowsiya. Kiswahili chake ni cha sokoni, hakukiogopa.

"Kanuni ya mradi inasema hapana fukiza," alisema. "Mimi nimefukiza. Mtungi wa kila mama, mimi. Mtu ya kuondoa ni mimi."

Nyuma ya ukumbi wanawake walianza kunong'ona. Mmoja, mwenye kitambaa cha kijani, akasimama akasema mtungi wake ameufukiza mwenyewe, Fowsiya hajui hata kuchagua kijiti. Watu wakacheka. Wa pili akasimama. Baadaye nilijaribu kuhesabu waliobaki wamekaa, nikashindwa kumpata hata mmoja.

Ofisa wa mradi akasema hivyo basi shauri limekwisha. Mwenyekiti akamwambia angoje.

Fowsiya alikuwa amekuja na mitungi miwili. Maziwa yote yamekamuliwa jana asubuhi, ngamia wale wale, hayakupozwa. Mmoja umefukizwa, mwingine umeoshwa kwa sabuni ya mradi, kama kanuni inavyotaka. Akamwomba mwenyekiti anuse.

Mwenyekiti akasita. Fowsiya akamwambia kunusa hakuvunji saumu, na mwenyekiti mwenyewe hata hajafunga. Ukumbi ukacheka tena, naye pia. Alifungua mmoja, akageuza uso. Akafungua wa pili, akanusa mara mbili.

"Huu uko sawa," akasema.

"Huo ndio mchafu," Fowsiya akasema. "Kwa kanuni ya mradi, huo ndio mchafu."

Hakuna aliyecheka hapo.

Daftari la Idman likapitishwa mezani, Idman akiwa amesimama karibu nalo kama linaweza kuibwa. Ofisa akauliza kwa nini wanawake hawakupiga simu kuripoti stima ilipokatika. Fowsiya akamwuliza simu hiyo ingechajiwa wapi.

Halafu akaitwa Dekow. Mwenyekiti akachagua duara moja, tarehe kumi na nne Desemba, akafungua fomu za siku hiyo. Saa zote ishirini na nne zilikuwa na alama kwenye TAYARI. Akauliza kama stima ilikuwepo. Dekow akamtazama Mhandisi Aweys. Aweys alikuwa anatazama karatasi zake.

"Haikuwepo, mwenyekiti. Dizeli iliisha tarehe tisa, ikaja tarehe kumi na tisa."

"Mbona hukuandika?"

"Ningeandika wapi?"

Mwenyekiti akainamia fomu. Nilikuwa karibu, niliona kidole chake kikipita saa, kikapita TAYARI, kikapita MBOVU, kikafika ukingo wa karatasi.

Aweys aliulizwa nani huwajibika dizeli isipofika Geedweyn. Akasema idara ya ugavi. Jina? Akasema idara. Mwenyekiti akarudia: jina. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba jina halikutolewa. Nilipoanza msimu huu nilimhesabu Aweys kuwa mwongo. Sasa naona ni mtu aliyesoma fomu mpaka ukingoni na hakuwahi kuuliza kuna nini baada ya ukingo. Sijaamua lipi ni zito zaidi. Mimi mwenyewe nilisoma kama yeye.

Uamuzi ulitolewa saa tisa. Friji inabaki Geedweyn miezi sita, kisha itaangaliwa tena. Kanuni ya tatu imesimamishwa. Fomu ya kituo iongezwe safu ya HAKUNA MAFUTA, na kila wiki itiwe sahihi na mwendeshaji pamoja na mwakilishi wa wauza maziwa. Ndani ya siku thelathini Wakala ataje afisa anayehusika na mafuta, na jina lake liwe kwenye fomu.

Ijumaa, 13 Machi.

Habari imetoka ukurasa wa tano. Sahihisho limetoka ukurasa wa pili: "Tarehe 14 Januari tuliandika kwamba mji wa Geedweyn hupata umeme saa 22 kwa siku. Hatukuwa na ushahidi wa hilo." Mhariri alitaka kuongeza kwamba tunasikitika. Nikamwomba aache hivyo.

Ijumaa, 20 Machi.

Idd. Waberi stima ipo. Geedweyn haipo, siku ya pili. Fowsiya alinitumia salamu za Idd kwa simu ya dereva wa pickup.

Jumapili, 5 Aprili.

Mvua ya kwanza, dakika arobaini. Watu walitoka kuitazama.

Jumatano, 15 Aprili. Geedweyn.

Barabara ina matope, tumechukua saa sita. Ngamia wamesogea karibu na maziwa yameongezeka. Friji ilikuwa ikinguruma.

Siku thelathini zilikwisha Jumamosi. Wakala ameandika barua kwamba suala la afisa linashughulikiwa. Fomu mpya hazijachapishwa. Dekow amechora safu ya tatu mwenyewe, kwa rula, na chini ya ukurasa ameongeza mstari mmoja: afisa anayehusika na mafuta.

Leo ilikuwa siku ya sahihi. Fowsiya alisoma wiki nzima, saa kwa saa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Siku nne stima, siku tatu hakuna mafuta. Akaulizia tanki. Dekow akatumbukiza kijiti cha kupimia, akakitoa, akamwonyesha alama iliyolowa: inatosha hadi kesho mchana. Lori halijasikika. Fowsiya akatuma neno sokoni kwamba mitungi ya kesho ifukizwe. Idman ataandika duara ambalo halikutanguliwa na msalaba, la kwanza tangu Novemba.

Kisha akarudi kwenye ukurasa. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa chini, mtupu. Akauliza ni wa nini. Dekow akamweleza, akasema anauacha wazi mpaka jina lije.

"Usiache wazi," Fowsiya akasema. "Watasema ulisahau. Andika hakuna mtu."

Dekow akanitazama mimi. Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, bila kuvuka mstari. Fowsiya akasoma, akatia sahihi.